Pimbi Ajikuna, Nyati Abeba Godoro

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisoma mpaka chuo kikuu na binadamu bado anaogopa mvua, kulikuwa na chuo juu ya mlima wa mawe kilichoitwa Chuo Kikuu cha Majabalini. Msicheke, wadogo zangu. Kilikuwa na kengele, kilikuwa na maktaba, na njaa ya mwisho wa mwezi pia kilikuwa nayo.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alipokelewa pale kama bwana harusi. Alipewa kitanda, ndoo na maneno matamu. Lakini ukifika mwaka wa tatu, ukaenda kuomba kitanda, uliambiwa, "Wewe si mkubwa sasa? Jitegemee!"

Pimbi alikuwa mwaka wa tatu. Mwili alikuwa nao mdogo, mkia hana, ila ulimi alijaliwa. Siku ya kugawa vitanda, asubuhi, alisimama mbele ya Mzee Kiboko, mlezi wa mabweni, aliyekuwa amejilaza kwenye dimbwi lake akitafuna tikiti aliloletewa na Nyati.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kama ni kitanda, hakuna. Vimejaa."

"Mzee, chumba cha mwisho kule juu kina vitanda vinne, na wanalala wawili tu, Nyati na Fisi. Kila mmoja ana kitanda cha kulala na kitanda cha kuwekea viatu. Hivyo viatu vinasoma mwaka wa ngapi?"

Kiboko akacheka mpaka matope yakaruka, bwata! "Mwanangu, mwenye nguvu mpishe. Utaratibu unaujua. Jioni napita na filimbi yangu. Godoro nitakalolikuta juu ya kitanda naligusa, na nikigusa nimegusa. Mwenye godoro ndiye mwenye kitanda mpaka mwaka uishe. Asiyeguswa atoke getini kabla jua halijazama."

"Nitoke niende wapi?"

"Si kwa Chui kule mtaani kuna vyumba vya kupanga?"

Vyumba vya Chui vilikuwepo kweli, tena bei nafuu. Tatizo ni kwamba waliopanga kwa Chui walionekana wakiingia tu.

Basi hapo ndipo Pimbi alipofika. Apate kitanda siku ileile, au arudi kwao bila shahada, akamtazame usoni mama yake, ambaye alishawatangazia majirani wote kwamba binti yake ni msomi. Machozi yalimlengalenga. Halafu akakumbuka vile viatu vimelala juu ya kitanda, vimejinyoosha raha mustarehe, na machozi yakakauka kwa hasira.

"Sitoki," alijisemea akipanda mlima. "Labda wanibebe pamoja na jiwe nitakalokalia. Sitoki!"

Mwaka wa pili wote Pimbi alisoma kwa kubebwa. Kubebwa, kwa msiojua, ni kulala kwenye kitanda cha mwenzio kwa hisani yake. Aliyembeba alikuwa Nyati. Pimbi alilala upande wa kwato, na shukrani yake ilikuwa kumfulia Nyati soksi, kumchotea maji na kumpikia uji. Naam, Nyati alivaa soksi. Maringo hayo!

Rafiki zake wawili wa mwaka wa tatu hawakuwa na nafuu. Digidigi alibebwa kwa zamu, leo huku, kesho kule. Kalunguyeye hakubebwa na yeyote, maana nani atalala na miiba? Alijibanza jikoni, nyuma ya kuni.

"Hodi, kaka Nyati," Pimbi aliita mchana ule mlangoni pa chumba cha juu.

"Ingia ufagie."

"Kaka, mwaka huu nina mtihani wa mwisho. Niachie kitanda kimoja tu, hicho cha viatu."

Nyati akamtazama Fisi, Fisi akamtazama Nyati, wakaangua kicheko. Fisi alicheka zaidi, kwa kuwa ndiyo kazi aliyozaliwa nayo.

"Viatu vyangu vikalale wapi?" Nyati akauliza. "Sikiliza. Mwaka huu hata kukubeba sikubebi. Fua hizo soksi, kisha ufungashe."

Pimbi akashika ufagio, akafagia. Alipofika katikati ya chumba akasimama, akajikuna shingo. Kwaru.

Akafagia tena. Akajikuna mgongo. Kwaru kwaru.

"Unajikuna nini?" Fisi akauliza.

"Hakuna kitu, kaka."

Akafagia mpaka karibu na kitanda cha Nyati. Hapo akauegemeza ufagio ukutani, akajikuna kwa miguu yote. Kwaru kwaru kwaru kwaru!

"We Pimbi! Kuna nini?"

"Kaka Fisi, nimesema kuna kitu? Mtu hana ruhusa ya kujikuna?"

Kisha akachukua kigodoro chake kilichokuwa pembeni ya mlango, chembamba kama chapati, akakitoa nje taratibu, akakikung'uta. Pa! Pa! Pa! Akakitazama kwa makini, akatikisa kichwa kama muuguzi, akakikung'uta tena.

Ndani, Fisi akaanza kuhisi kitu kwapani. Akajikuna kidogo, kwa aibu. Kwaru.

"Na wewe?" Nyati akashtuka.

"Inaniwasha hapa. Na hapa. Yuu! Na hapa!"

"Mimi ngozi yangu haipenyi kitu," Nyati akasema, akajigamba, akakaa kitandani. Akatikisa masikio. "Fisi... hebu nikune hapa nyuma ya bega. Chini kidogo. Kushoto. Ai, ai, ai! Kunguni! Fisi, tuna kunguni!"

"Sssh!" Fisi akamziba mdomo. "Akina Swala wa mwaka wa kwanza wakisikia, nani atatusalimia tena?"

Wadogo zangu, hakukuwa na kunguni hata mmoja. Lakini ninyi wenyewe hapo mnaanza kujikuna, nawaona.

Wale wakubwa wawili hawakutaka kuonekana. Wakayakunja magodoro yote manne, wakayabeba mgongoni, wakatokea mlango wa nyuma, wakazunguka mlima mpaka upande wa pili, ambako hakuna wa kuwaona na jua la alasiri bado lilikuwa kali. Huko wakaanza kuyapiga kwa magongo. Pu! Pu! Pu! Na kila walipopiga walijikuna, na kila walipojikuna waliona kazi bado.

Pimbi akashuka mbio. "Digidigi! Kalunguyeye! Leteni magodoro!"

"Nyati akitukuta je?" Digidigi alitetemeka mpaka pembe.

"Mwaka mzima umetetemeka, kumekupatia kitanda? Twende!"

Wakapanda. Wakavitoa viatu, wakavipanga vizuri nje. Pimbi akatandika kitanda cha dirishani, Digidigi cha katikati, Kalunguyeye cha pembeni. Kalunguyeye alikitazama cha nne. "Hiki nacho tukichukue? Tuwakomeshe?"

"Sisi tuko watatu," Pimbi akasema. "Vitanda vitatu vinatutosha. Atakayelalia viwili atakuwa Nyati mwingine, na Nyati mmoja anatosha chuoni hapa."

Prrrrrii! Filimbi ikalia. Mzee Kiboko akaingia akihema, macho nusu yamefumba kwa uvivu. Akagusa godoro la dirishani. "Cha nani?"

"Changu, Mzee. Pimbi."

"Chako!" Akagusa la pili. "Chako!" Akagusa la tatu. "Aaai! Miiba! Chako, chako!"

Gubu, gubu, gubu, gubu! Mlima ukatikisika. Nyati na Fisi walikuwa wamesikia filimbi, nao hao wanakuja, godoro huku, godoro kule. Nyati alipoona kigodoro kama chapati juu ya kitanda chake, alitoa mkoromo uliowatoa wanafunzi wa vyumba vyote. Wakajaa mlangoni na madirishani.

"Toka!" Nyati akanguruma.

"Sitoki."

"Umetudanganya! Umesema kuna kunguni!"

"Nimesema lini? Kaka Fisi, wewe ulikuwepo. Nimelitamka hilo neno?"

Fisi akakuna kichwa. "Kusema kweli, hakulitamka. Ulilitamka wewe."

"Mzee Kiboko!" Nyati akaita. "Geuza hili jambo! Umesahau yale matikiti?"

Mlangoni pakatokea mnong'ono, "Matikiti? Matikiti gani?" Kiboko akajikwaa kwa maneno. "Mimi... yaani... pengine nilivyogusa, sikugusa vizuri."

Pimbi akapanda juu ya kitanda ili aonekane.

"Geuza, Mzee! Ila ukigeuza godoro langu leo, kesho hakuna godoro lililo salama chuoni humu. Hawa wote umewagusia hivyo hivyo. Mimi nimelala kwenye kwato mwaka mzima, nimefua soksi, nimekoroga uji, nimeambiwa nikapange kwa Chui. Nimechoka. Nimekuja hapa kusoma, na nitamaliza nikiwa nalala humu ndani. Anayetaka kunitoa aje anitoe mbele ya macho yote haya."

Halafu sauti moja nyembamba ya sungura wa mwaka wa kwanza ikatoka dirishani, "Amegusa!" Wenzake wakaidaka. "Amegusa! Amegusa! Amegusa!" Mawe ya mlima yakaitikia.

Kiboko akafuta jasho. Alimtazama Nyati mmoja, akautazama umati, akaona afadhali akose matikiti. "Nimegusa," akasema.

Nyati na Fisi wakakitazama kitanda cha nne, wakakirukia pamoja. Godoro la huyu likatua juu ya la yule. Kiboko akayagusa yote kwa mkupuo mmoja. "Chenu!" Akatoka haraka.

Ikawa balaa. "Sogea! Mimi ndiye ninayekubeba wewe!"

"Aka! Mimi ndiye ninayekubeba wewe! Toa pembe!"

"Toa mkia!"

Kraaak! Kitanda kikakatika katikati, wakaanguka puu, miguu juu.

"Jamani," Pimbi akasema bila kuinua macho kwenye kitabu, "wengine tunasoma." Kisha akajilaza katikati ya kitanda chake, akanyoosha miguu yote minne, na hakugusana na kwato ya mtu.

Hadithi yangu inaishia kwenye hicho kitanda cha Pimbi, na aliyenisimulia aliniachia neno moja niwape: ukisubiri mwenye nguvu ashibe ndipo upate haki yako, utalala nje.