Salamu za Bibi Yuliana

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Maana yake ni kwamba zipo kazi ambazo, hata uwe fundi wa kupigiwa mfano, huzimalizi bila mkono wa mwenzio. Asiyeamini na amuulize Godfrey wa Kilakala, mjini Morogoro.

Ilikuwa miaka ile kompyuta za mitumba zilipoanza kuingia mjini. Godfrey alinunua moja, akaijua nje ndani, na majirani wakamvisha kilemba cha ukoka. Bibi yake, Yuliana, alipofariki kule Kinole, Godfrey alibaki na video aliyompiga akiuusia ukoo uani kwake. Bibi alisema Kiluguru kitupu, lugha ambayo Godfrey, mtoto wa mjini, hakuielewa. Basi mama yake, Kristina, alimfasiria, naye akaandika Kiswahili kitokee chini ya picha.

Kazi yote hiyo ilikuwa kwa ajili ya Witness, mtoto wa mama yake mkubwa. Homa ya uti wa mgongo ilimwibia Witness masikio akiwa darasa la nne, naye ndiye aliyemuuguza bibi hadi mwisho, wakielewana kwa mikono na macho. Siku ya wosia bibi alimnyooshea kidole mbele ya watu wote. Kila aliyemuuliza baadaye alimjibu kuwa alisifiwa, lakini Witness hakuamini. Alikwishajua kwamba watu humdanganya kiziwi ili kumfurahisha. Alitaka kuyasoma maneno yenyewe.

Alishuka mjini Jumamosi na kikapu cha machungwa, wakaketi watatu mbele ya kompyuta. Bibi alipomnyooshea kidole, chini pakatokea maandishi: "Huyu mlafi hana haya. Mfukuzeni."

Witness alisimama, akaitwaa kanga yake. "Nilijua mnanificha," alisema.

Kristina alimshika mkono, akamweleza kwa ishara kwamba maneno yale aliambiwa mbuzi aliyevamia maharage uani bibi akiendelea kuusia. Witness alitikisa kichwa. Godfrey, kijasho kikimtoka, alibofya huku na huku. Maneno yakatangulia, kisha yakachelewa tena. Mama yake alipotaka kusaidia, alimwambia hiyo ni kazi ya kitaalamu. Utaalamu gani, ikiwa hakujua sentensi ipi ni ya mbuzi na ipi ni ya mtu?

Hatimaye aliirudisha video mwanzo. Kristina akakunja uso. "Mbona mama hajasalimia?"

Godfrey alieleza kwamba salamu zilikuwa ndefu mno: hali za nyumbani, za shamba, za wagonjwa, mpaka za mvua. Alizikata asubuhi ile, baada ya kumaliza kuandika.

"Mluguru mzima aanze wosia bila salamu?" Kristina alisema. "Umemkata mama yangu, halafu unashangaa maneno yake kupotea njia."

Hapo Godfrey akaelewa. Picha ilikuwa imefupishwa, maandishi bado yakisubiri salamu ziishe. Kiburi kikamshuka, akawaomba wote wawili wamsaidie. Witness alikubali shingo upande. Kristina, ambaye hakuweza kuyasoma maandishi kwa haraka, angeinua mkono bibi anapoanza kumkaripia mbuzi. Witness, mwenye macho makali kama ya mwewe, angegonga meza karipio likitokea chini ya picha. Godfrey angeyavuta maneno yatokee mapema. Mkono ukainuka, meza ikachelewa kugongwa. Wakarudia, Godfrey akivuta kidogo kidogo, mpaka mkono na meza vikaenda pamoja. Mbuzi aliingia kwenye maharage na karipio lake likamkuta palepale. Witness alicheka bila kutaka.

Kisha bibi akageuka, akamnyooshea kidole. Chini pakaandikwa: "Ninyi mna masikio, lakini aliyenisikia ni huyu."

Witness aliyasoma, akaomba yarudishwe, akayasoma tena huku machozi yakimtiririka. Alimkumbatia Kristina, kisha akamshika Godfrey mikono yote miwili.

"Ahsante, mama mdogo. Ahsante, kaka," alisema. "Leo bibi amesema na mimi."

Godfrey alijua kwamba peke yake angemwacha dada yake aondoke na karipio la mbuzi moyoni. Hakika, kidole kimoja hakivunji chawa.