Bi Nguchiro na Undugu wa Kibuyu

Jamani, nawaomba radhi kabla sijaanza. Hadithi hii mimi huiharibu kila nikiisimulia. Sauti ya Tembo hunitoka kama ya kuku anayetaga, na nikikaribia penye utamu hucheka peke yangu mpaka nikohoe. Mwenye kuijua sawasawa tumemtafuta, hayupo. Mmebaki na mimi! Sogeeni basi. Na wewe wa nyuma, toa kidole puani, utasikiaje?

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko, na majirani wa kuwasengenya, palikuwa na bonde lenye chemchemi moja. Moja tu! Karibu na chemchemi hiyo aliishi Bi Nguchiro na wanawe. Nguchiro mnamjua: kamwili kama soksi, lakini macho kama ya mlinzi wa getini.

Kikaja kiangazi kikali. Siku moja asubuhi watu wakasikia ngo! ngo! ngo! Kumbe ni Mheshimiwa Kiboko, mjumbe wa baraza, anazungushia chemchemi ua wa miti. Alipomaliza akaingia ndani, chubwi! Akazama mpaka shingoni.

Bi Nguchiro akaja na kibuyu chake kichwani. "Hodi! Umeamkaje, Mheshimiwa? Naomba maji, watoto wana kiu."

"Brrrff! Maji haya yana mwenyewe."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokaa."

Bi Nguchiro akakimbia kwa Nyati, aliyekuwa hakimu. Nyati akacheua kwanza, akameza, ndipo akasema, "Kiboko ni mtu mwema sana. Nenda nyumbani, mama."

Akaenda kwa Fisi, katibu wa baraza. Fisi akacheka, "Hiii-hi-hi! Kiboko ni mtu mwema sana. Nenda nyumbani, mama."

Akaenda kwa Mzee Tembo, mwenyekiti mwenyewe. Tembo akapepea masikio. "Kiboko..."

"Ni mtu mwema sana," akamalizia Bi Nguchiro. "Niende nyumbani."

"Aa! Nani kakwambia?"

Akarudi nyumbani mikono mitupu. Akamkuta kitinda mimba wake kaingiza kichwa chote ndani ya mtungi, analamba ukuta wa ndani. Ulimi mkavu, kwara, kwara! Bi Nguchiro akamtoa, akampangusa uso. Kama maji yasingepatikana, yule mtoto asingeyaona masika.

Akajiuliza: wakubwa watatu, nyumba tatu, jibu lao moja. Kwa nini?

Sasa, saa za mchana jua linapochoma, bonde zima hulala. Ila mchana ule Bi Nguchiro hakulala. Akamwona Nyati anapita kwa kunyata. Nyati, ananyata! Akamfuata mpaka nyuma ya jabali, akachungulia kwenye ufa.

Aibu iliyoje! Wakubwa wamekaa duara, kila mmoja kavaa kibuyu kikubwa kichwani ili asijulikane. Asijulikane! Na mkonga umening'inia nje hivi, na kile kibuyu kingine kinacheka hiii-hi-hi!

"Siri ndani!" kikasema kibuyu chenye mkonga.

"Kifuniko juu!" wakaitika wenzake.

"Ndugu wa Kibuyu akishtakiwa?"

"Ni mtu mwema sana!"

"Kumbukeni ndugu zangu, undugu wetu una ngazi. Wa ngazi ya juu akitoa ishara, wa chini huijibu kwa kuiiga papo hapo. Anayeuliza maana yake amejionyesha ni wa chini kabisa, atafagia jabali hili mwaka mzima."

"Na Mkuu wetu wa ngazi ya mwisho?" kikauliza kibuyu kinachotiririka maji.

"Hakuna aliyepata kumwona. Anaweza kuja kwa umbo lolote."

Bi Nguchiro pale kwenye ufa akajiziba mdomo. Akarudi nyumbani anarukaruka.

Hapo niwaeleze sheria ya bonde lile. Kiongozi hakuruhusiwa kuwa na undugu wa siri. Kabla ya kila shauri aliapa hadharani kwamba ndugu zake ni raia wote. Akikutwa kaapa uongo, kigoda chake kilipinduliwa miguu juu mbele za watu, na hakukalia kigoda tena maisha yake. Na shauri la ardhi lilisikilizwa palepale penye ardhi yenyewe.

Basi Bi Nguchiro akaenda kwa Fisi kufungua shauri. Fisi akafurahi, kwani hukumu walikwisha kuipika zamani.

Siku ya baraza bonde zima likajaa pembeni mwa ule ua: swala, nyani, ngiri na watoto wao. Wakubwa wamekaa kwenye vigoda. Kiboko kakaa cha kwake mgongo ukiegemea ua, asije mtu akachota kwa nyuma.

"Waape kwanza!" akasema Bi Nguchiro.

Wakaapa, mmoja baada ya mwingine, mkono kifuani. "Sina undugu wa siri. Ndugu zangu ni raia wote." Fisi alipoapa, akajikausha asicheke mpaka machozi yakamtoka.

"Haya, mama, sema," akaamuru Tembo. "Upesi, hukumu inapoa."

Bi Nguchiro akasimama katikati, kibuyu chake cha maji kichwani. Raia wakaona mama mwenye kibuyu, basi. Lakini wakubwa wakaona kibuyu kichwani! Nyati akaacha kucheua.

Bi Nguchiro akawatazama taratibu, mmoja mmoja. Akainua mguu wa nyuma, akakuna sikio la kushoto, kwaru-kwaru-kwaru! Akatoa ulimi. Akasema, "Pwii!"

Wakubwa wakatoa macho.

Fisi jasho likamtoka. Moyoni akasema: ishara hii siijui! Lakini Nyati lazima anaijua. Nyati naye akasema moyoni: Tembo lazima anaijua. Tembo akawaza: ngazi zote ninazo, na hii sijaiona... Mama yangu! Ni Mkuu!

"Kwaru-kwaru, pwii!" Fisi akawahi, mguu juu, ulimi nje.

Nyati hakutaka kufagia jabali. Naye juu! "Pwii!"

Tembo akainua mguu wa nyuma uguse sikio. Wanangu, mmewahi kumwona tembo akijikuna sikio kwa mguu? Basi ndiyo maana. Akayumba, akashika hewa kwa mkonga, akaanguka puuu! Ardhi ikatikisika. Kutoka chini mavumbini ikasikika sauti: "Pwii."

"Mnafanya nini, waheshimiwa?" nyani mmoja akauliza.

"Nyamaza, mshamba!" Fisi akafoka, mguu bado uko juu. "Hii ni ishara ya ngazi ya saba!"

"Saba ya nani?" Nyati akang'aka. "Ya tisa hii! Wewe umepewa juzi tu, mchana, nyuma ya jabali, nami nilikuwepo!"

"Wote wawili wajinga!" Tembo akanguruma. "Ni ya Mkuu! Na Mwenyekiti wa Undugu wa Kibuyu ni mimi, nani atanifundisha?"

Loo! Watu wakatazamana.

Kiboko, aliyechelewa kuelewa kama kawaida yake, akaona atabaki wa mwisho. "Hata mimi! Hata mimi, Mkuu!" Akatupa mguu juu, akapinduka kinyumenyume pamoja na kigoda chake. Kra-kra-kraaa! Ua wote chini! Maji yakamwagika mpaka miguuni mwa watu.

Tembo, akiwa bado chali, akauliza kwa unyenyekevu, "Ee Mkuu, je, tumejibu vizuri?"

"Vizuri sana, Mzee wangu," akasema Bi Nguchiro. "Ila mimi nilikuwa na kiroboto sikioni. Hiyo pwii ni vumbi."

Weee! Kicheko kilichopasuka pale kiliangusha matunda mitini. Kisha ngiri akakishika kigoda cha Tembo: paa! Miguu juu. Cha Nyati: paa! Cha Fisi: paa!

"Cha kwangu nimepindua mwenyewe," akasema Kiboko.

Watu wakapiga vigelegele, wakambeba Bi Nguchiro juujuu, wakitaka awe mwenyekiti. "Niteremsheni kwanza!" akapiga kelele. "Mwanangu hajanywa!" Akachota kibuyu kikajaa, akampa kitinda mimba. Akanywa gwa, gwa, gwa, mpaka kitumbo kikawa kama ngoma, kisha akacheua kumshinda Nyati.

Kiongozi mwenye ndugu wa siri, raia wake ni yatima.

Lakini ngojeni... Miguu chini! Ndimi ndani! Yaani wote mmeshaijua ile ishara? Basi mama zenu wakija kuuliza ni nani kawaingiza watoto wao kwenye chama cha siri, msimtafute Tembo. Ni mimi, mjinga mkubwa, nimewaapisha wote bila hata kuwavalisha kibuyu.