Mguu Mmoja Kivulini

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, jua lilipokuwa bado kijana na halijafunzwa adabu, palikuwa na nchi ya mchanga mtupu. Mvua ya huko ilikuwa kama shangazi wa mbali, habari zake mnazisikia lakini yeye mwenyewe hamumwoni. Wewe uliyelalamika asubuhi kwamba leo kuna joto, nyamaza. Huko ukiacha yai juu ya jiwe, ukirudi unalikuta limeiva.

Katika nchi hiyo aliishi Darmi Kuchakulo. Kuchakulo mnamjua, yule mnyama mdogo wa kuchimba mashimo, mwenye mkia mrefu wa manyoya. Jua likimzidi huuinua mkia juu ya kichwa ukawa mwavuli wake, naye akaendelea na shughuli zake bila kumuudhi mtu.

Darmi aliishi na mama yake, Bibi Talaso. Bibi alikuwa mzee kweli kweli. Macho yake yalikuwa yamejaa vumbi, na mkia wake ulikuwa umenyonyoka manyoya yote ukabaki kama kamba. Mbele ya shimo lao walikuwa na kibanda cha fito na mikeka, na ndani ya kibanda kulikuwa na kibuyu kimoja cha maji.

Sasa, nchi ile ilikuwa na sheria kubwa kuliko zote. Anayeingia kivulini mwako ni mgeni wako, na mgeni hunywa kwanza mpaka kiu yake ikatike. Mwenyeji hunywa baadaye. Ni sheria nzuri, imeokoa wengi. Lakini kitu kizuri kikishikwa na mlafi, hakikosi kuharibika.

Na mlafi alikuwepo. Aliitwa Galgalo Ngamia.

Siku moja ya kiangazi, Darmi akasikia nje, pa-pu, pa-pu, pa-pu.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, Mzee Galgalo. Lakini kibanda chetu ni kidogo, hutaenea."

"Nani kasema nienee?" Ngamia akauingiza mguu mmoja wa mbele chini ya mkeka. Mwili wake wote ukabaki juani. "Haya. Mguu wangu umo kivulini. Mguu ukiwa mgeni, na mwenye mguu ni mgeni. Leteni maji."

"Mzee, maji tuliyo nayo ndiyo haya tu, na ni ya mama."

"Kwani mgeni hunywa lini, binti?"

Sauti ya Bibi Talaso ikatoka ndani, imekauka. "Mgeni hunywa kwanza. Mpe, mwanangu. Tusije tukaambiwa tumevunja sheria kwa ajili ya kibuyu."

Gugu-gugu-gugu! Ngamia akayamaliza yote. Akaulamba na mdomo wa kibuyu. "Maji yenu yana moshi," akasema, akaenda zake, pa-pu, pa-pu, bila hata ahsante.

Kesho yake Bibi Talaso hakuweza kula. Midomo ilikuwa imepasuka na kope zimegandana. Darmi akamkanda kwa mchanga wa baridi kutoka chini kabisa ya shimo, lakini mchanga si maji.

"Laiti ningenawa uso tena kwa maji ya Dirra," bibi akasema. "Unakumbuka tulivyokuwa tukienda? Baba yako alikuwa anajitosa na nguo zake."

Dirra ilikuwa chemchemi chini ya kilima cheusi. Kila kiangazi wenye nchi walifanya matembezi ya kwenda huko. Waliondoka alfajiri wamefungasha chakula, wakashinda majini wakioga na kupiga soga, na jioni wakarudi jua likipoa. Lakini hayo yalikuwa matembezi ya wenye miguu mirefu. Katikati ya njia palikuwa na uwanda mweupe usio na mti wala kichaka, na mdogo akikutwa na jua hapo, hafiki. Darmi peke yake, kwa mkia wake, angefika, kama mama yake alivyokuwa akifika enzi mkia wake ungali na manyoya. Ila hadi arudi na kibuyu chake kidogo, asingemkuta mama yake hai.

Darmi akatoka nje akalia. Alilia kweli, siwafichi. Kisha macho yake yakaangukia pale kwenye mlango, kwenye alama ya mguu wa Ngamia, duara kubwa kama sinia. Akaitazama alama ile mpaka machozi yakamkauka.

"Mguu ukiwa mgeni," akajisemea polepole, "na mwenye mguu ni mgeni."

Alfajiri iliyofuata alimkuta Galgalo anajiandaa kwenda Dirra.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja mara moja tu. Nimesikia maneno, lakini bora nisiyaseme."

"Maneno gani?"

"Ni umbea, mzee. Si wa kuutilia maanani."

"Umeshaanza, malizia."

Darmi akaangalia chini. "Eti Galgalo huondoka gizani kwa sababu analiogopa jua. Eti nundu ile imejaa upepo tu. Mimi nikakataa. Nikasema, yule mzee akitaka anavuka uwanda mchana, tena kwa mwendo wa bwana harusi."

Prrrrr! Ngamia akatikisa midomo. "Mimi? Niogope jua? Leo siondoki mpaka jua lipande. Na nitatembea polepole mpaka waliosema wachoke kunitazama."

"Basi, mzee, mimi na mama tutakufuata tukikuimbia. Mtu mkubwa hatembei bila waimbaji."

"Imbeni. Lakini sibebi mtu."

"Nani kasema utubebe?" akajibu Darmi.

Basi jua likapanda, na safari ikaanza. Galgalo mbele, shingo juu, hatua moja leo na nyingine kesho. Na kivuli chake, wajukuu zangu, kivuli cha ngamia asubuhi ni kirefu kama ua wa msikiti. Ndani ya kivuli hicho, bega kwa bega, walitembea Darmi na Bibi Talaso.

Darmi akaimba, "Nani huyo anakuja? Ni Galgalo. Jua limwone limpishe, ni Galgalo." Ngamia akazidi kupunguza mwendo.

Bibi Talaso akamnong'oneza bintiye, "Mwanangu, mbona unamdanganya mzee wa watu?"

"Namsifu tu, mama. Na wewe unatembea. Kuna aliyeumia?"

Bibi hakupendezwa. Alikuwa mtu wa zamani.

Kabla ya kuingia uwandani walimkuta Bi Mbuni, naye anakwenda Dirra na vifaranga wake. Alikuwa amepumzika, amekunjua bawa moja kuwakinga wanawe, na pembeni ameweka ganda la yai lililojaa maji. Galgalo akayaona maji. Akameza mate.

Darmi akamwona anavyomeza mate. Akauliza kwa sauti ya mtoto anayetaka kujifunza, "Mzee Galgalo, hivi sheria ni ya kivuli cha nyumba tu? Cha bawa hakihesabiki, sivyo?"

"Nani kakufundisha upuuzi huo? Kivuli ni kivuli. Kiwe cha mkeka, kiwe cha bawa, kiwe cha mwenye kutembea." Akanyoosha mguu mmoja chini ya bawa la Bi Mbuni. "Hodi, mama. Mimi mgeni wako."

"Mzee, haya ni ya watoto."

"Wataonja nikibakiza."

Gugu-gugu. Hakubakiza. Vifaranga wakalia, na Darmi akasikia uchungu, maana swali lilikuwa lake. Akamsogelea Bi Mbuni. "Dada, nisamehe. Njoo na wanao mwingie hapa kivulini mwake, mtembee nasi. Na neno alilosema, tafadhali ulikumbuke."

Bi Mbuni akamtazama kwa hasira. Kisha akamtazama Bibi Talaso anavyotweta, akawakusanya watoto wake akafuata.

Uwandani hali ikabadilika. Jua lilipanda, na kivuli kikawa kinapungua. Kikatoka ubavuni kikaja hadi tumboni, na mwisho wote wakawa wanatembea chini ya tumbo la Ngamia katikati ya ile miguu minne, pa-pu, pa-pu, wakikwepa kukanyagwa. Galgalo naye sasa alisikia joto. Akaanza kuongeza mwendo.

Bibi Talaso akajikwaa, akaanguka. Ngamia akapita, kivuli kikapita naye, na jua likamwangukia bibi mzima mzima.

Darmi akaruka akainua mkia juu ya mama yake. Lakini mkia mmoja kwa watu wawili ni nini? Mchanga ulikuwa unawaunguza miguu. Ngamia anazidi kwenda. Darmi akaona sasa mama yake anafia njiani, na ni yeye aliyemtoa nyumbani.

Akavuta pumzi akapaza sauti. "Mzee Galgalo! Wako watu kule kilimani wanakutazama! Mbona umeanza kukimbia?"

Ngamia akasimama palepale. "Nani anakimbia?"

"Ndivyo watakavyosema. Ungerudi hatua chache usimame kidogo, wakuone umetulia juani."

Galgalo akarudi kinyumenyume, akasimama, shingo imenyooka. Kivuli kikamfunika tena Bibi Talaso. Bi Mbuni, ambaye sasa alikuwa ameshaelewa, akainama kimya akambeba bibi mgongoni. Na Darmi akaimba tena ule wimbo.

Walifika Dirra jua limeshaanza kuinama. Loo, maji! Yalikuwa yanatiririka kidogo kidogo kutoka kwenye mwamba, tiri tiri tiri, yakijaa kwenye shimo la mawe. Wanyama wengi walikuwa wameketi wanasubiri zamu. Msimamizi wa zamu alikuwa Mzee Choroa, yule mwenye pembe ndefu zilizonyooka na asiyependa kelele.

Desturi ya pale ilikuwa wakubwa kwanza. Wadogo wakija mwisho, hukuta tope.

"Zamu ya Galgalo," Mzee Choroa akasema.

Ngamia akateremsha shingo. Midomo haijagusa maji, Darmi akasimama ukingoni.

"Samahani, Mzee Choroa. Mgeni hunywa lini?"

"Mgeni hunywa kwanza. Hilo nalo ni swali?"

"Basi sisi ni wageni wa Mzee Galgalo. Tangu asubuhi tumo kivulini mwake."

Watu wakacheka. Galgalo akacheka kuwapita wote. "Kivuli cha mwili? Kwani mimi nyumba? Ondoka hapo, kadogo, usije ukakanyagwa."

"Mzee Choroa," akasema Bi Mbuni, "leo asubuhi huyu aliingiza mguu chini ya bawa langu akanywa maji ya watoto wangu. Akasema kivuli ni kivuli, kiwe cha mkeka, kiwe cha bawa, kiwe cha mwenye kutembea."

Mzee Choroa akageuka taratibu. "Ulisema hivyo, Galgalo?"

Watu walikuwa wameacha kucheka. Wengi wao walikuwa na vibuyu vitupu nyumbani, na walikuwa wanaujua mguu ule.

"Nilisema," Ngamia akajibu.

"Wageni wako wanywe, mpaka kiu yao ikatike. Wewe subiri."

Basi Bibi Talaso akashushwa. Akanywa kidogo, akapumzika, akanywa tena. Akachota maji kwa viganja vyake viwili akanawa uso, chapwa, chapwa, mpaka kope zikaachana. Akamtazama bintiye. "Darmi," akasema, "kumbe umekonda hivi." Na Darmi, aliyekuwa hajalia tangu mlangoni kwao, akalia tena.

Vifaranga wakajitosa. Wakaoga, wakamwagiana, wakanywa, wakaoga tena. Ngamia amesimama juani. Siku nzima alikuwa ametembea kwa maringo katika joto, na sasa ulimi ulikuwa umemshika kwenye kaakaa. Akatazama maji, akatazama pembe za Mzee Choroa, akatulia.

Hakuna aliyemhurumia. Hata Darmi, niseme kweli, alikuwa anafurahia.

Ni Bibi Talaso aliyeinuka. Akajikokota hadi mbele ya Ngamia, akamgeuzia mgongo, akauinua ule mkia wake ulionyonyoka. Kivuli chembamba kama uzi kikaanguka juu ya mguu wa Ngamia.

"Mama, unafanya nini?" Darmi akauliza.

"Mguu wake umo kivulini mwangu," bibi akasema. "Galgalo, mwanangu, wewe sasa ni mgeni wangu. Na sisi kwetu mgeni hunywa kwanza. Kunywa."

Ngamia akautazama ule uzi wa kivuli juu ya mguu wake. Kisha akapiga magoti, akanywa taratibu, akabakiza. Alipomaliza akasema neno ambalo hakuna aliyewahi kulisikia kinywani mwake.

"Ahsante, mama."

Jioni walirudi wote pamoja, na Bibi Talaso alirudi juu ya nundu, kibuyu kimejaa, akilalamika njia nzima kwamba ni juu mno. Tangu siku hiyo Galgalo akipita kwa Darmi mchana haingizi mguu. Husimama nje upande wa jua, kivuli chake kikafunika kibanda kizima, na hungoja mpaka aitwe.

Hadithi yangu imekata kiu hapo, na anayetaka zaidi aende akachote maji mtungini. Sheria uliyompimia mdogo, siku moja utapimiwa hiyo hiyo. Omba tu mpimaji awe na moyo wa Bibi Talaso.