Jeneza Lisilo na Shahidi

Hapo zamani, wala si zamani mno, wageni wenye mizinga waliitawala nchi moja ya mizeituni kule kaskazini mwa Afrika. Sultani alikuwepo, wa jina tu.

Wageni wakamwambia, "Tutafutie waziri mkuu atakayetia saini bandari ibaki yetu. La sivyo, shuka kwenye kiti." Sultani akamwita wakili Mukhtari Zeruki, akamshika mikono, akalia. "Niokoe, Bwana Mukhtari."

Mukhtari akaupokea uwaziri mkuu, ila saini akaikatalia. Wakati huo Wanasi, kiongozi wa wapiganaji wa milimani, alikuwa gerezani akisubiri kitanzi. Akatuma ujumbe: "Mzee wangu, nina mama. Niokoe." Mukhtari akawaambia wageni, "Mwachieni Wanasi, nami nitatia saini." Akatia. Wanasi akatoka, bandari ikaenda.

Watu, wasiojua siri hiyo, wakamwita msaliti. Akarudi nyumbani na mate yao usoni. "Khaduja, Ijumaa nasimama msikitini niseme yote."

Mkewe akamng'ang'ania joho. "Ukimwaibisha Sultani atatumaliza. Nyamaza, baba watoto. Mabinti zangu hawa! Niokoe."

Akanyamaza.

Uhuru ukaja. Sultani akabaki kitini. Wanasi akawa waziri mkuu, akahutubia juu ya wasaliti. Nani angemheshimu shujaa aliyekombolewa kwa bandari? Mukhtari akafa kwa kihoro, madirisha yamefungwa kwa kuogopa mawe.

Jeneza likawekwa uani kwake. Sultani alikuja, maana kutokuja kungezua maswali. Wanasi naye alikuja. Khaduja alisimama nyuma ya pazia la mlango pamoja na wanawake, akiomba Mungu apatikane mtu, hata mmoja. Baada ya sala imamu akauliza, kama ilivyo desturi, "Mnamshuhudiaje marehemu?"

Ilitakiwa sauti moja tu iseme, "Alikuwa mtu mwema."

Kimya. Sultani akatazama viatu vyake. Wanasi akajipapasa shingo. Khaduja akafumbua mdomo, akawaona mabinti zake, akaufumba. Uchungu ulioje!

Imamu akauliza tena. Kimya kile kile. Wakambeba hivyo hivyo.

Haya, nyie hodari wa kuhukumu, msikimbilie kumlaumu imamu. Watatu walisema "niokoe", na wote watatu wakaokoka. Mmoja alikuwa na kiti cha kulinda, mmoja jina, mmoja watoto. Je, nani alistahili kufumbua mdomo kwanza?