Jina la Mtoto wa Mwanakombo

Hapo zamani, na si zamani ya mababu bali hii yetu ya simu na intaneti, palikuwa na nchi ambayo habari za watu wake zililala ugenini. Ukitibiwa, ukinunua, ukikopa, habari zako zilitunzwa kwenye kompyuta za nchi za mbali.

Zuwena alikuwa mbunge wa mji wa Vibamba. Kampuni moja ya ng'ambo iliuza habari za ugonjwa wake, na watu asiowajua wakawa wanampigia simu kumuuzia dawa. Zuwena akasimama bungeni: "Habari zetu zirudi nyumbani!" Wakamzomea. Akasimama tena. Wakamcheka. Akasimama tena, hadi sheria ikapita: kila biashara itunze habari za wateja wake ndani ya nchi.

Dakta Mboni, mwenye hospitali binafsi pale Vibamba, hakuipenda sheria ile. Wenzake waliomba waongezewe muda. Yeye, pamoja na kununa kwake, akasimamisha ujenzi wa nyumba yake, akanunua mitambo ya kuhifadhi kumbukumbu, akazirudisha habari za wagonjwa wake wote.

Ikaja masika. Mto ukafurika, ukang'oa nyaya za intaneti ziendazo ng'ambo, nchi nzima ikakosa mawasiliano na nje. Ndipo Athumani akamfikisha mkewe Mwanakombo hospitalini, uchungu umemzidi, hajitambui. Ilibidi apasuliwe upesi.

"Jamani," Athumani akalia, "alipojifungua mtoto wa kwanza hapa hapa, kuna dawa ya usingizi ilitaka kumuua. Jina lake silijui!"

Jina lilikuwa kwenye mitambo, na chumba cha mitambo kilikuwa kinajaa maji. Sikudhani, fundi wa kompyuta, akavua viatu.

"Usiingie, kuna umeme!" Mboni akamkataza.

"Na yule mama je?"

Akaingia. Akakata umeme, akautoa mtambo kabla maji hayajaufikia, akauwasha kwa jenereta. Dawa ikajulikana, Mwanakombo akapewa nyingine. Mtoto wa kike akalia, na mama akafumbua macho.

Siku ya kumpa mtoto jina, Athumani akataka aitwe kwa jina la aliyemwokoa mama yake.

Zuwena akasema, "Bila sheria, habari zingekuwa ng'ambo, na intaneti ya kufika huko ilikatika. Mngezipata wapi?"

Mboni akasema, "Hospitali ya jirani nayo inabanwa na sheria hiyo hiyo, Mheshimiwa, na habari zake ziko ng'ambo mpaka leo. Aliyetii ni mimi."

Sikudhani akatikisa kichwa. "Niliomba hospitalini nakala nyingine ya habari hizo ikae mji wa mlimani, sikusikilizwa. Sheria yako, Mheshimiwa, na utii wako, Dakta, vilikuwa vinazama mkivitazama."

Mboni akainamisha uso. "Nakala hiyo nitaiweka, mwanangu. Kesho."

Mwanakombo, mtoto kifuani, akacheka. "Nikimpa majina yote matatu, nitachoka kumwita aje kula. Chagueni moja!"

Wageni wakaanza kubishana, huyu Zuwena, yule Mboni, yule Sikudhani, na pilau ikapoa kwenye sinia.

Haya, nanyi mnaonisikiliza, semeni: mtoto aitwe nani?