Nungunungu na Mteja wa Mwisho

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti ndogo hivyo? Hamjala, au kuna kitu mnanificha? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimeamini mko macho. Hapo zamani za kale, zamani ambayo mimi sikuiona na nyinyi msijidai mliiona, palikuwa na njia moja tu ya kwenda gulioni. Njia yenyewe imejaa mbigili. Mbigili huku, mbigili kule. Nyani akipita, chwa! "Uwii, mguu wangu!" Fisi akipita, chwa! "Uwii, mguu wangu!" Kila mnyama alifika gulioni akichechemea.

Pale gulio linapoanzia alikaa Nungunungu. Mnamjua, yule wa miiba mirefu mgongoni, myeupe kwa myeusi. Akitembea, miiba inagongana: chakacha, chakacha, chakacha! Nungunungu aliuza miiba. Ukinunua mwiba wake, unachokoa mbigili mguuni mpaka inatoka yote na kichwa chake. Unalipa mzizi mmoja mtamu, unakwenda zako unaruka.

"Miiba, miiba! Chokoa mbigili, utembee!"

Wateja walipanga foleni mpaka nyuma ya kichuguu. Nungunungu alikula, akanenepa, akawa na kiti chake mwenyewe.

Lakini ukoo wa nungunungu una mila yake. Babu alimwambia baba, baba akamwambia yeye: "Mwiba uliodondoka ni wa kuuza. Mwiba uliosimama si wa kuuza, huo ni wa kukulinda." Basi kila asubuhi aliokota iliyodondoka pangoni, akaipeleka gulioni. Iliyosimama hakuigusa. Chui akisikia chakacha, chakacha, alipita mbali. Chui si mjinga.

Mwaka mmoja mvua ikanyesha. Ikanyesha, ikanyesha, bonde likajaa maji. Tembo na jamaa zake wakahama, wakapita huko juu mlimani. Puu! Puu! Puu! Walikopita pakabaki njia pana, ngumu, safi, mpaka gulioni. Mbigili hata ya dawa huipati.

Siku ya gulio ikafika. Nungunungu kwenye kiti chake.

"Miiba, miiba! Chokoa mbigili, utembee!"

Nyani akaja. Hachechemei. "Hujambo, jirani," akapita. Fisi akaja. Hachechemei. "Hujambo, jirani," akapita. Bweha naye hivyo hivyo, tena anapiga mluzi.

Nungunungu akakunja uso. Hakusema, "Kuna jambo." Alisema, "Kuna mtu." Sikieni hapo. Alisema kuna mtu!

Pembeni yake alikaa Kanga, yule ndege wa madoadoa, anauza mtama. Mtama wake ulikuwa unakwenda. Nungunungu akamtazama Kanga, akautazama mtama, akamtazama Kanga tena.

"Wewe Kanga, unawaambia nini wateja wangu?"

"Siwaambii kitu, jirani. Si mtu, ni njia. Wanapita njia mpya ya Tembo, haina mbigili. Twende ukaone."

"Nikienda, nani atabaki na miiba yangu? Wewe?"

Kanga akavumilia. Akasema, "Jirani, miiba yako ilikuwa mizuri, na wakati wake umepita. Lakini ile njia ni kavu, haina maji. Watu wanafika hapa ndimi nje. Wewe una kucha za kuchimba. Chimba kisima huko, watakulipa mizizi ile ile."

"Ahaa! Nikachimbe kisima ili kiti changu ukikalie wewe! Umeniona mtoto?"

Gulio lililofuata akapiga kelele, "Miwili kwa mzizi mmoja!" Nyani akachukua miwili kwa kumwonea haya, hakurudi. Gulio lililofuata, "Mitatu kwa mzizi mmoja!" Kimya. Gulio lililofuata, "Minne!" Hata nzi hakutua.

Hapo akawafuata kwa siri. Akajificha nyuma ya Bweha, nyata, nyata, nyata, mpaka njia ya Tembo. Akaikanyaga kwa miguu yake mwenyewe. Haichomi. Akaenda mbele, haichomi. Akarudi nyuma, haichomi. Mtu mwingine angesema, kumbe Kanga alisema kweli. Yeye alisema nini?

"Kanga ameifagia!"

Msicheke. Na nyinyi mnao watu wa namna hiyo majumbani mwenu, na mimi nawajua.

Akarudi gulioni na hasira zake, akakaa. Siku hiyo hiyo akaja Chui. Chui anatembea taratibu. Chui anasema taratibu.

"Ndugu yangu Nungunungu, pole na kazi. Hawa wengine hawajui kitu kizuri. Mimi nanunua miiba yote."

Akabwaga mizizi, furushi zima. Sasa niambieni, Chui na mizizi wapi na wapi? Aliitoa shamba la nani? Nungunungu hakuuliza. Kanga alipompa ushauri, alimuuliza maswali mia. Chui alipompa mizizi, hakumuuliza hata moja.

"Ila hii iliyodondoka imepauka," Chui akasema. "Nataka mibichi. Ya mgongoni."

Nungunungu akasita. Akamkumbuka baba yake. Akaitazama mizizi, akamtazama Kanga, akataka Kanga aone jinsi biashara ilivyochangamka. Akapeleka mkono mgongoni. Nyofo! "Uwii!" Nyofo! "Uwii!" Akampa Chui kumi.

Gulio lililofuata Chui akaja. Nyofo, nyofo, nyofo! Ishirini. Gulio lililofuata Chui akaja. Nyofo, nyofo, nyofo! Thelathini. Nungunungu akitembea sasa, inasikika chaka... chaka. Baada ya gulio jingine, cha... cha. Na kila akija, Chui alikaa karibu zaidi.

Kanga akashindwa kunyamaza. "Jirani, tuseme umenichukia, lakini nisikilize. Miiba yako nimeikuta nyuma ya kichuguu. Yote! Imetupwa, hata mmoja hakuutumia. Mtu ananunuaje kitu akakitupa?"

"Wivu huo!" Nungunungu akafoka. "Mteja mmoja nimepata, na huyo unataka kumfukuza. Mwanzo uliwafukuza wale, sasa huyu!"

"Huyo hanunui miiba!"

"Ananunua nini?"

Kanga akafungua mdomo ajibu, Chui huyo, amefika. Anatabasamu.

"Ndugu yangu, naona umebaki mmoja. Huo wa mkiani."

"Upo, bwana wangu."

"Usiung'oe!" Kanga akalia. "Jirani, nakuomba, usiung'oe!"

"Nyamaza, mchawi wewe!"

Nyofo.

Nungunungu akainuka kumpelekea mteja wake. Akapiga hatua moja, kimya. Akapiga hatua ya pili, kimya. Mwenyewe akashangaa ule ukimya. Akageuza shingo kuutazama mgongo wake, akauona mwekundu, mtupu, na hapo ndipo alipoogopa. Akanyoosha mkono na mwiba.

Chui hakupokea mwiba. Alidaka mkono.

Kanga akaruka juu ya mti, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Gulio likatawanyika. Kanga alimlilia jirani yake siku tatu, licha ya yale matusi yote.

Na Chui? Chui aliposhiba alikaa kwenye kiti cha Nungunungu. Akauokota ule mwiba wa mwisho. Akachokoa nyama kwenye meno, taratibu, jino baada ya jino. Akautazama, akasema, "Kumbe kazi bado unayo."

Kisima cha njia mpya alikuja kukichimba Ngiri, na mizizi anakula yeye.

Basi wakubwa kwa wadogo, shikeni hili. Kitu chako kikipitwa na wakati, kiache kiende, usijichune ngozi kukifufua. Na ukiwa mtu wa kushuku, mshuku kwanza anayekusifu wakati wenzake wote wameondoka. Wahenga walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mimi Nungunungu nampa pole kidogo, maana roho iliniuma.

Hadithi yangu imeishia hapo ilipoishia miiba. Aliyesikia amesikia, na aliyesinzia namjua kwa jina.