Wali Uliolala na Mkwe wa Kiboko

"Moshi umetoka jikoni!"

"Tumeuona!"

"Mwenye njaa?"

"Asogee!"

"Mwenye kidomodomo?"

"Afunge!"

Haya, fungeni basi, nisije nikamaliza mate yangu bure.

Alikuwepo Kindi, mjane, mdogo wa mwili, mkubwa wa hamu. Na hamu yake ilikuwa moja tu: wali wa kukaanga wa Bibi Kobe. Bibi Kobe alikuwa na hoteli ya makuti pale njia panda, mabenchi mawili na karai moja jeusi. Vitunguu vikiingia, chwaaa! Karoti, chwaaa! Yai, chwaaa! Kisha wali, kila punje imesimama peke yake, haimwegemei mwenzake. Halafu Bibi Kobe akazeeka, akafunga hoteli, akahamia kwa mwanawe ng'ambo ya mto. Kindi akabaki na ulimi unaokumbuka.

Akaenda hoteli ya Nyani. Nyani katia rangi mpaka wali umekuwa kama ua la boga. Kindi akaonja. "Siyo huu."

Akaenda hoteli ya Kunguru. Mafuta yakamchuruzika mpaka viwikoni. "Siyo huu."

Akajikaangia mwenyewe nyumbani. Akapika wali, akauepua ukifuka moshi, papo hapo akautia karaini. Ukawa bokoboko, umeshikana kama wagomvi sokoni. "Siyo huu, jamani!"

Akavuka mto.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekonda hivyo?"

"Ni wali wako, bibi. Nimekaanga mpaka nimechoka. Nakosea wapi?"

"Wali wenyewe uliupika lini?"

"Saa ile ile, wa moto moto."

Bibi Kobe akacheka mpaka gamba likatikisika. "Wa moto kula na mchuzi! Wa kukaanga sharti uwe kiporo. Upike jioni, uuache ulale, upoe, ukauke. Hapo ndipo punje zinapoachana."

Kindi akarudi mbio. Rahisi, siyo? Basi nyumbani kwa Kindi wali haukuwahi kulala hata siku moja, kwa sababu ya jirani yake, Kiboko. Kila jioni sufuria ikiepuliwa tu, gudu, gudu, gudu! "Hodi!" Na kwao, kama kwetu, mtu akikukuta na chakula humwambii aende zake. Unasema karibu, hata kama roho inakuuma. Kiboko hakungoja kuambiwa mara mbili. Chakamu, chakamu, chakamu! Kisha anakwangua ukoko, kwaru, kwaru. "Ahsante, dada Kindi. Una mkono mtamu."

Jioni ya kwanza Kindi akaficha sufuria uvunguni. Gudu, gudu, gudu! "Hodi! Dada, siku hizi kitanda chako kinanukia wali?" Chakamu, chakamu. Ukaisha.

Jioni ya pili akapika sufuria mbili. Kiboko akala zote mbili, akauliza ya tatu iko wapi.

Lakini Kiboko alikuwa na kidonda chake: alikuwa akitafuta mke, na kila alikoposa alikataliwa. Jioni ya tatu Kindi akamngoja mlangoni.

"Kaka Kiboko, jipanguse uso. Nimekupatia mchumba. Mama yake yumo ndani, nyuma ya pazia, amekuja kukutazama."

"Leo? Na mimi sijaoga!"

"Unashinda mtoni kutwa, uoge mara ngapi? Ingia."

Nyuma ya pazia palikuwa na kinu cha kutwangia. Kindi alikuwa amekivika kanga mbili, moja ya kujifunga, moja ya kujitanda. Kiboko akachungulia, akaona kivuli, akarudi nyuma haraka.

"Shikamoo, mama!"

Kinu kimya.

"Haitikii, dada."

"Mkwe gani akajibizana nawe siku ya kwanza? Ana haya zake."

"Na mbona mwembamba?"

"Ukoo wao hawali ovyo. Kwa hiyo kaka, adabu. Ukionekana mlafi, nimeaibika mimi niliyekusifu."

Mnamjua mwanamume mbele ya mkwe: njaa inamtafuna, mkono hauendi. Kiboko akachukua tonge, dogo kama la mtoto. Cha. Akalitafuna mdomo umefungwa. Akachukua la pili. Cha. La tatu. Cha. Akaitazama sufuria. Sufuria ikamtazama. Jasho likamtiririka.

"Ongeza, kaka."

"Aa, nimeshiba mno." Tumbo likamsuta: gurrrrr!

"Ni radi hiyo, mama," Kindi akaliambia pazia.

Kiboko akatoka kinyumenyume, kwa heshima zote. Na wali, kwa mara ya kwanza, ukalala.

Asubuhi Kindi akafunua sufuria. Umepoa. Umekauka. Vitunguu, chwaaa! Karoti, chwaaa! Yai, chwaaa! Kisha wali, punje moja moja. Akatia tonge mdomoni, akafumba macho.

Ndio huu.

Mabenchi yakaja, kelele za wateja zikaja, Bibi Kobe akaja akifuta mikono. Vyote vikakaa kidogo ulimini, kisha akavimeza. Akafumbua macho, yuko peke yake jikoni. Akachukua tonge jingine upesi.

Gudu, gudu. Kiboko yuko uani, pua juu.

"Dada Kindi! Kinachonukia hivyo ni nini?"

"Kifungua kinywa cha mkweo."

"Bado yupo?"

"Yupo. Amekupenda. Anasema uje tena jioni, ule vilevile kama jana."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aridhike."

Kiboko akameza mate, akaenda zake. Na mpaka leo hali chakula mbele za watu. Mchana kutwa yuko majini, katoa pua tu, anavuta harufu. Giza likiingia ndipo anapotoka kula majani, mkwe asimwone.

Ngano yangu imevua viatu, haiendi mbele tena. Mnangoja funzo? Haya: msiseme uongo. Kindi alisema uongo, na tazameni kilichompata. Kila asubuhi anakula wali wa kukaanga, karai zima, peke yake, hana hata jirani wa kumwambia karibu. Maskini.